Papa hataki kukanyaga Kasapa, nami nataka kuiona kabla ya Exetat

Tantine, jambo sana.

Mimi ni msichana wa miaka 18, finalisti wa biokimi, yaani niko mwaka wa mwisho wa sekondari, hapa Katuba. Mungu akipenda, mwaka huu nitafanya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Darasani kwetu kila mtu ana jina la chuo mdomoni, lakini ukiuliza nani amewahi kufika huko, kimya. Hata mimi. Nimezaliwa Lubumbashi, nimekulia Lubumbashi, na Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, naijua kwa kuisikia tu.

Ninachotaka kusoma ni udaktari wa mifugo. Mama anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Nilipokuwa darasa la tatu la sekondari, kuku wote walikufa ndani ya juma moja, na pesa ya kuku wale ndiyo ilikuwa pesa yetu ya shule. Mtu aliyekuja kutueleza alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa fakilte (kitivo) ya udaktari wa mifugo. Alimpasua kuku mmoja palepale uani, akatuonyesha vidonda ndani ya tumbo, akamwambia mama: hawa hawakuchanjwa. Tangu siku ile sijawaza kazi nyingine.

Mjomba wangu wa Ruashi, ambaye ndiye mwenye uwezo, anasema "daktari wa kuku" si kazi. Anataka nisome udaktari wa watu kwenye chuo kimoja cha binafsi. Nilikiona kwa nje: jengo zuri, vigae vinang'aa. Ameahidi kulipa mwaka wa kwanza. Wa kwanza tu. Papa hasemi ndiyo wala hapana. Nilipomwomba twende Kasapa pamoja tukaone, alijibu: "Kasapa naijua. Sina ninachokwenda kutafuta kule." Akatoka nje.

Mama ndiye aliyenieleza baadaye. Papa mkubwa, kaka yake papa, alikuwa anasoma Kasapa mwaka 1990. Asubuhi moja alirudi nyumbani kwa miguu, bila viatu, na hakurudi tena kumaliza masomo. Siku hizi ni marehemu. Papa hajawahi kutuhadithia jambo hilo.

Sasa naomba unisaidie. Je, mtu ambaye bado hajaandikishwa anaruhusiwa kuingia tu kampasi na kuangalia? Niende lini, maana hors-session, sehemu ya kwanza ya Exetat, inakaribia na baada ya hapo kichwa hakitakuwa changu? Nikifika niangalie nini, nimuulize nani? Yaya mmoja, mkubwa wangu wa kanisani, ananiambia kuna mtu anayeweza kunizungusha ofisi zote, hata "kuniwekea nafasi", nikimpa kitu kidogo. Na papa nimfanyeje? Sitaki kwenda kwa siri.

Finalisti wa Katuba

*

Mwanangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale papa yako anapotoka nje. Tutafika huko. Niruhusu nianze na yale mepesi.

Ndiyo, unaruhusiwa. Chuo kikuu cha serikali hakina bwana mmoja ambaye ni lazima akualike. Chukua kadi yako ya mwanafunzi, na ukiweza, muombe prefe, mkuu wa shule yenu, karatasi yenye muhuri inayosema wewe ni nani na unakwenda kuangalia masomo ya juu. Mlinzi akikuuliza, unamwonyesha, unasema jambo, unaeleza unatafuta fakilte gani. Basi. Ukisikia kwamba kuna siku imetangazwa ya kuwapokea finalisti, nenda pia, lakini usiifanye ndiyo ziara yako. Siku hiyo kila kitu kimefagiliwa, na wanaozungumza ni wale waliochaguliwa kuzungumza. Unachohitaji wewe ni kuona Jumanne ya kawaida.

Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu lilinipata. Nilipomaliza sekondari nilikwenda kuangalia chuo kimoja hapa hapa mjini, siku ya Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku niliyokuwa na nafasi. Sekretari alikuwa mwema sana. Alichukua ufunguo, akanifungulia laboratwari, nikaona hadubini zimepangwa mezani, nikarudi nyumbani nikamwambia mama tumepata. Masomo yalipoanza, mlango ule haukufunguliwa tena. Dawa za kupimia hazikuwepo, na mwalimu wa somo lile alionekana mara mbili mwaka mzima. Jumamosi ile niliona vyombo. Sikumwona mwanafunzi hata mmoja wa kumuuliza kama vinaguswa. Mwaka ule ulipotea, na ada ya mama ilikwenda nao.

Kwa hiyo nenda Jumanne, Jumatano au Alhamisi, asubuhi, na uende kabla ya Exetat. Wengi husubiri matokeo yatoke ndipo wakimbilie Kasapa na bulletini mkononi. Wakati huo masomo mengi yamekwisha, walioko pale ni wanaotafuta kuandikishwa kama wewe, foleni ni ndefu, na hapo ndipo hujitokeza watu wa "nitakuwekea nafasi". Wewe bado una nafasi ya kuuliza maswali bila haraka. Prefe hatakunyima asubuhi moja ukimwomba mapema. Na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, usiahirishe. Utaona njia inafanyaje, basi linachelewa kiasi gani, na ni oditwari gani, yaani ukumbi gani wa masomo, linavuja. Kiangazi kinaficha mengi katika mji huu.

Hata hivyo, kabla ya kutoka nyumbani, ulizia fakilte yako imekaa wapi. Watu wanasema "Kasapa" kana kwamba chuo chote kiko pale. Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni cha zamani kuliko uhuru wetu: kilianzishwa mwaka 1955, wakati mji ukiitwa Elisabethville, mwaka 1971 kikaingizwa ndani ya UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, pamoja na vile vya Kinshasa na Kisangani, mwaka 1981 kikarudishiwa uhuru wake na kuwa UNILU tunayoijua. Majengo yake yametawanyika, mengine Kasapa na mengine mjini. Nimewaona finalisti waliotumia nusu siku wakizunguka Kasapa wakitafuta mlango ambao uko karibu na mahali waliposhukia basi la kwanza.

Panda basi lile lile utakalopanda kila siku, saa ile ile utakayohitaji kupanda. Usikubali lifti ya gari la mjomba siku hiyo. Kutoka Katuba mpaka mjini ni basi moja, kutoka mjini kwenda Kasapa ni la pili, na jioni ni hivyo hivyo kurudi. Hizo ni nauli 4 kwa siku, nauli 20 kwa juma la siku tano. Andika kiasi ulicholipa kila mara, kisha uzidishe mpaka mwisho wa mwaka. Wazazi wengi wanauliza minervali, ile ada ya masomo, ni pesa ngapi, wanajipanga kwa minervali, halafu mtoto anakwama mwezi wa tatu kwa sababu ya basi. Ukiona hesabu inazidi, ndipo uulize habari za homu (mabweni) za wanafunzi au chumba cha kupanga karibu, na uende kukiona hicho chumba kwa macho, pamoja na bomba lake. Fungua bomba. Usiulize kama kuna maji, fungua.

Sasa, ukishafika, nimuulize nani, unasema. Ofisini utapita, maana lazima ujue karatasi zinazotakiwa na kama fakilte inafanya jaribio la kuingia. Aparitora, ofisi ya kuandikisha wanafunzi, ndiko wanakojua hayo, na ubao wa matangazo, ile valve yetu, unasoma mwenyewe. Dakika ishirini zinatosha. Muda uliobaki wote wape wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Muulizie CP, kiongozi wa wanafunzi, wa L1, yaani mwaka wa kwanza. Kila promosheni ina CP wake, na huyo anajua nani amefaulu, nani amekata tamaa, na profesa gani hajaonekana tangu mwezi uliopita. Mwambie wazi: mimi ni finalisti wa Katuba, nataka kujua maisha ya hapa. Utashangaa watu watakavyokuzunguka. Mtu ambaye mwaka jana alikuwa mahali pako anapenda kuulizwa.

Waulize walianza wangapi na sasa wamebaki wangapi. Waulize masomo ya mwaka yalianza mwezi gani kweli, si mwezi uliotangazwa, na kama kulikuwa na mgomo, ulichukua muda gani. Silabusi zinauzwa bei gani, ni ngapi, na asiyenunua anafanywa nini. Na kwa wewe unayetaka mifugo, swali langu kubwa ni hili: mnyama wa kwanza mlimgusa lini? Mwaka wa kwanza, wa pili, au bado? Mazoezi yanafanyika wapi, kwa mifugo ya nani, na nani analipa usafiri wa kwenda huko? Yule kijana aliyempasua kuku uani kwenu alijifunza mahali fulani kushika kile kisu. Tafuta hapo mahali. Kama mama bado ana namba yake, mtafute yeye kwanza kuliko mtu mwingine yeyote. Amekwisha kupita njia nzima, na nyumba yenu anaijua.

Halafu omba kuingia darasani. Nakuambia kwa dhati, hii ndiyo saa yenye thamani kuliko zote. Muombe CP akuketishe nyuma, nyamaza, sikiliza. Hutafahamu nusu ya maneno na hilo si kitu. Angalia kama mwanafunzi aliyekaa nyuma anamsikia mwalimu. Angalia wangapi wamesimama kwa kukosa viti. Angalia mwalimu anaimla maneno tu au anajibu maswali. Angalia mtu aliyechelewa anafanywaje. Ukitoka hapo, jiulize kama unaweza kurudi kesho, na kesho kutwa, kwa miaka.

Kuhusu miaka, hapa kuna kitu kitakachowachanganya wazee wako, na ni bora ukieleze mapema. Papa na mjomba wanajua mtindo wa zamani: graduat miaka mitatu, kisha licence miaka miwili. Kwao L1 ni mtu aliyekwisha kumaliza graduat. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 nchi nzima imeingia LMD, na L1 ya leo ndiyo mwaka wa kwanza kabisa. Licence sasa ni miaka mitatu na krediti 180, yaani 60 kila mwaka. Lakini udaktari, wa watu au wa wanyama, hauishii kwenye miaka hiyo mitatu. Uliza mahali pote pawili: mpaka niitwe daktari, ni miaka mingapi yote pamoja, na ada inapanda kila mwaka au inabaki palepale?

Ukipata jibu hilo, mwanangu, liandike kwa herufi kubwa. Mjomba ameahidi mwaka mmoja. Namshukuru, si kila mjomba anaahidi hata huo. Lakini mwaka mmoja wa udaktari wa watu hauna jina. Huwezi kumtibu mtu kwa L1. Ukiingia chuo cha ada kubwa kwa mwaka uliolipiwa, mwaka wa pili utalipwa na nani? Kuku wa mama? Swali hili halina dharau ndani yake, na mjomba mwenyewe ni mtu anayejua pesa, atalielewa kuliko wote. Muulize kwa heshima, mbele ya papa na mama, kabla hujakubali wala kukataa.

Usimwambie mjomba kwamba chuo chake ni kibaya. Hukijui. Mwambie: mjomba, naomba twende pamoja tukakione kama nilivyoiona UNILU. Nendeni siku ya kazi, ulizeni maswali yale yale. Vigae havifundishi, lakini havizuii pia kufundisha. Kuna vyuo vya binafsi hapa vinavyofanya kazi nzuri. Ila kwa chuo cha binafsi kuna maswali mawili ya ziada. La kwanza ni karatasi: kina idhini ya wizara kwa fakilte hiyo hasa, si kwa chuo kwa ujumla? Wizara ya ESU, ya elimu ya juu, imekwisha kufanya uchunguzi wa viabilité, kuona kama chuo kinafaa kuendelea, mara kadhaa na kuvifunga vyuo vilivyoshindwa, na wanafunzi wakabaki na diploma zinazobishaniwa. Omba kuona namba ya arete, ile karatasi ya waziri ya idhini, iandike, mtu mzima aifuatilie. La pili ni hospitali: wanafunzi wanafanya staji, mazoezi ya kazi, wapi, na je, hospitali hiyo yenyewe inawajua? Udaktari usio na kitanda cha mgonjwa ni kusoma vitabu tu.

Na hilo la "daktari wa kuku" nisiliache lipite. Angalia mayai tunayokula hapa mjini, mangapi yanapita mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia. Angalia nyama inayouzwa sokoni, na jiulize nani aliikagua kabla haijaanikwa. Mbwa mwenye kichaa akimuuma mtoto, kazi huanza kwa kujua yule mbwa, na kuwachanja mbwa wengine wote wa mtaa. Ugonjwa kama Newcastle unamaliza banda zima kwa siku chache, na chanjo yake ipo. Nyinyi mlijifunza hilo kwa hasara. Mjomba akisema si kazi, mama yako anaweza kumjibu vizuri kuliko mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyezika wale kuku.

Yule mtu wa kuweka nafasi, aliyetajwa na yaya wa kanisani: hapana. Usimpe hata nauli. Pesa ya chuo hulipwa benki, na wewe unabaki na bordero, karatasi ya malipo, yenye jina lako. Anayekuomba mkononi, chini ya mti au ndani ya ofisi, anakula pesa ya mama yako. Kukuzungusha, CP atakuzungusha bure.

Sasa neno la msichana kwa msichana, ingawa mimi nimekwisha kuwa mama. Usiende peke yako mara ya kwanza. Vaa nguo zako za kawaida zenye heshima, uache bluu na nyeupe ya shule, maana wapo wanaoiona sare wakadhani wamepata mtoto wa kuchezea. Namba yako ya simu usimpe mwanaume aliyejitolea kukusaidia. Chukua yake kama unaihitaji. Ofisi ikifungwa mlango nyuma yako, simama, sema unamwita mwenzako aliyeko nje. Kisha kaa na wasichana wa L1 na L2 peke yao, bila mvulana karibu, uwaulize lile ambalo hakuna ofisi itakayokuambia: hapa kuna wanaoomba mwili ili watoe pointi? Msichana akiombwa, anakwenda kwa nani, na aliyekwenda alisaidiwa? Kila mtu nchini analijua jambo hilo, lina hata jina la mzaha, na mimi jina hilo silipendi kwa sababu mzaha unalifanya lionekane dogo. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 2006, kumsumbua mtu kwa kumtaka mwili ni kosa la jinai katika nchi yetu. Sheria peke yake haimlindi mtu ambaye hana wa kumwambia. Wasikilize wanavyojibu. Wakiangaliana kabla ya kujibu, hilo pia ni jibu, na uliandike.

Basi tuje kwa papa.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walivamiwa katika homu za Kasapa, na wengine waliuawa. Wangapi, watu wanabishana mpaka leo. Ilikuwa majuma machache tu baada ya rais Mobutu kutangaza, tarehe 24 Aprili, kwamba chama kimoja kimekwisha. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire kwa sababu ya usiku ule. Hayo utayakuta vitabuni. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, komini ya Kenya hapa mjini, na nakumbuka Jumamosi ile watu wakubwa walivyokuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, wakinyamaza kila sisi tulipokaribia. Kuna nyumba zilizongoja mtu mpaka jioni. Nyumba ya nkambo (babu) wako ilikuwa moja ya hizo, na papa yako, akiwa kijana mdogo, pengine ndiye aliyemfungulia mlango kaka yake asiye na viatu.

Kwa hiyo papa alipokwambia "Kasapa naijua," alikuwa anasema kweli. Anaijua. Wewe ulimwomba akuonyeshe shule, yeye akasikia ukimwomba akupeleke mahali ambapo kaka yake alivunjika. Sidhani kama anakukatalia kusoma. Baba anayekataa husema hapana. Huyu ametoka nje.

Usimwambie kwamba mambo hayo ni ya zamani. Kwake si ya zamani. Usimwendee pia ukiwa umejiandaa kumuuliza yaliyotokea usiku ule. Kama atataka kukuhadithia, atakuhadithia, pengine ndani ya basi, pengine miaka kumi ijayo. Mtafute jioni, akiwa amekwisha kula na hana wageni. Mwambie maneno haya, au yako yanayofanana nayo: "Papa, mama aliniambia habari ya papa mkubwa. Pole. Sikujua. Mimi bado nataka kusoma, na sitaki kwenda kwa siri. Jumanne ya juma lijalo nataka kwenda kuona fakilte. Ningefurahi unisindikize. Si lazima uingie kwenye homu. Unaweza kufika pale utakapoweza, ukasimama hapo, ukaningoja." Kisha nyamaza. Usiongeze sababu. Mwache anyamaze naye kadiri anavyotaka.

Akikubali, panga safari ya siku hiyo kwa ajili yake pia. Anzeni na fakilte, darasa, ubao wa matangazo, vitu vya leo. Homu muache azichague yeye, kwenda au kutokwenda. Akisimama njiani, simama naye. Akikuonyesha mahali fulani kwa kidole bila kusema kitu, usiulize, angalia tu. Na mkipata nafasi, mkalishe na wanafunzi wa L1 awasikie wakilalamika kuhusu viti na silabusi na basi. Inawezekana vijana hao wanaolalamikia viti ndio watakaomwonyesha papa kwamba watu wanaishi pale, wanasoma, wanarudi nyumbani jioni.

Akikataa, usivunjike moyo na usimlaumu. Nenda na mama, au na yaya mmoja wa familia ambaye papa anamwamini. Mwambie papa siku, saa ya kutoka, saa ya kurudi, na jina la mtu utakayekuwa naye, na urudi kabla ya saa hiyo. Jioni ileile chukua kaye (daftari) yako, ukae karibu naye, umsomee ulichoandika: nauli kiasi hiki, walianza wangapi, wamebaki wangapi, darasa liko hivi, wasichana wamesema hivi. Msomee na mabaya yote. Ukimficha mabaya atayajua, maana ameishi miaka mingi akiyajua mabaya ya mahali pale peke yake.

Ukishaona na chuo cha mjomba, kaye itakuwa na kurasa za pande mbili. Waombe wazee wakae: papa, mama, mjomba. Soma ukurasa huu, soma ule, kisha uwaambie unachotaka na kwa nini, pamoja na habari ya wale kuku. Wewe ndiye utakayepanda basi lile kila asubuhi, kwa hiyo sema kwa sauti inayosikika.

Baada ya hapo rudi kwenye vitabu vyako vya biokimi, maana Exetat haingoji mtu. Na Jumanne hiyo ikipita niandikie, hata mistari mitatu. Nataka kujua papa alifika mpaka wapi, na kama bomba lilitoa maji.

Tantine wako